Kebo inaingia vizuri lakini picha haiji: nitajuaje kiunganishi kinapitisha nini?

Mwanagenzi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nina kompyuta mpakato yenye soketi mbili za USB-C, soketi moja ya HDMI na tundu la vipokea sauti. Ninataka kuiunganisha na projekta ya zamani ambayo ina VGA peke yake, na pia na runinga ya kisasa. Pamoja na hivyo nina spika mbili zenye kikuza sauti ndani yake, ambazo kwa nyuma zina matundu ya RCA, moja jekundu na jingine jeupe.

Matatizo yangu ni matatu. Kwanza, nina kebo yenye plagi ya HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili, isiyo na kisanduku chochote katikati. Inaingia barabara pande zote mbili, lakini projekta inaandika kwamba hakuna ishara. Pili, nina kebo mbili za USB-C ambazo kwa macho hazina tofauti yoyote, ila moja inapeleka picha kwenye skrini na nyingine inachaji tu. Tatu, ningependa sauti ya runinga itoke kwenye zile spika, lakini runinga yenyewe haina RCA ya kutolea sauti. Ina HDMI na tundu dogo la mraba lenye kifuniko, ambalo ndani yake huwaka mwanga mwekundu.

Mtu anaweza kuniambia ninunue kitu fulani na tatizo likaisha kwa leo, lakini ningefurahi zaidi kuelewa ni kwa nini kebo inayoingia kwenye tundu lake bila shida bado inaweza kukataa kufanya kazi.

Fundi Nyaya alijibu:

Ndugu Mwanagenzi, kiini cha maswali yako yote matatu ni kimoja: umbo la plagi linakuambia kwamba kitu kitaingia, basi. Ili vifaa viwili vielewane, unapaswa kujua pia ni ishara ya aina gani inayopita kwenye zile pini, na inatoka upande upi kwenda upande upi.

Tuanze na projekta. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, wakati skrini zilikuwa za mirija mikubwa ya kioo, na ishara yake ni ya analogi. Kati ya pini zake 15, tatu hubeba rangi nyekundu, kijani na bluu kwa njia ya volteji inayopanda na kushuka kati ya volti 0 na volti 0.7, na nyingine mbili huipa skrini mapigo ya kuonyesha mstari unaanzia wapi na picha nzima inaanzia wapi. Sauti haimo kabisa. HDMI, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002, ina pini 19 na hupeleka picha na sauti kwa pamoja kwa njia ya dijitali, yaani kama mfululizo wa namba unaokimbia kwa kasi kubwa kwenye jozi za nyaya. Projekta ya VGA haina chombo chochote cha kuzisoma namba hizo. Ukichukua waya wa pini moja ya HDMI ukaufunga kwenye pini ya VGA, unachopeleka kwa projekta ni fujo tupu, na ndiyo maana inasema haioni ishara. Kebo uliyo nayo haijaharibika. Haikuwahi kuwa na uwezo huo, na inanishangaza kwamba kebo za namna hiyo bado zinatengenezwa.

Unachohitaji ni kigeuzi chenye chipu ndani yake, inayosoma namba za HDMI na kuzigeuza kuwa volteji za VGA. Chipu hiyo inahitaji umeme kidogo. HDMI yenyewe hutoa volti 5 kwenye pini ya 18, na vigeuzi vingi hutosheka na umeme huo. Kiwango kinachodaiwa kwa chombo kinachotoa picha ni angalau miliampea 55, ambazo ni kidogo sana, kwa hiyo ukiona picha inakuja na kukatika, chagua kigeuzi chenye soketi ndogo ya USB ya kukiongezea umeme. Angalia pia kama kina tundu la milimita 3.5, kwa kuwa sauti iliyokuwa ndani ya HDMI lazima itafutiwe njia nyingine ya kutokea.

Kuhusu mwelekeo, kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi kinyumenyume, kwa sababu kazi ya kugeuza volteji kuwa namba inahitaji chipu ya aina nyingine kabisa. Hata soketi ya HDMI kwenye kompyuta mpakato kwa kawaida ni ya kutolea tu. Watu wengi hujaribu kuunganisha kompyuta mbili kwa kebo ya HDMI wakitarajia moja iwe skrini ya nyingine, na wakati huo zote mbili zinatuma na hakuna inayopokea.

Ipo hali moja ambapo kebo isiyo na chipu inatosha, nayo ni ile ya pande mbili kuwa na lugha moja katika maumbo tofauti. DVI ya dijitali, soketi ya skrini iliyotangulia HDMI, hutumia ishara ile ile ya picha kama HDMI, hivyo kipande cha plastiki chenye plagi mbili kinatosha kuziunganisha, ingawa sauti kwa kawaida haitapita. DisplayPort, au DP kwa kifupi, ambayo ni soketi nyingine ya picha ya kompyuta, ni ya ajabu kidogo: lugha yake ni tofauti na ya HDMI, lakini soketi nyingi za kompyuta zenye alama ya DP na misalaba miwili ya kujumlisha hubadilika na kutoa ishara ya HDMI pale zinapohisi adapta rahisi imechomekwa. Ukitaka kutoka HDMI kwenda kwenye skrini ya DisplayPort, huna budi kutumia kigeuzi chenye chipu.

Mtunza Mitambo alijibu:

Mimi nitaligusa swali la USB-C peke yake, maana hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na kwa maoni yangu waliolipanga jambo hili wanastahili lawama zaidi kuliko watumiaji.

USB-C ni jina la umbo. Lilitangazwa mwaka 2014, lina pini 24, na linaingia bila kujali upande upi uko juu. USB 2.0, USB 3.2, USB4 na Thunderbolt ni majina ya lugha zinazoweza kupita ndani ya umbo hilo. Kebo moja ya USB-C inaweza kuwa na nyaya za umeme pamoja na jozi moja ya data ya USB 2.0, yenye kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, kiwango cha mwaka 2000. Nyingine, yenye sura ile ile, inaweza kuwa na jozi nne zaidi za kasi kubwa na kufikisha gigabiti 40 kwa sekunde. Picha inayopitia USB-C mara nyingi ni ishara ya DisplayPort inayoazima zile jozi za kasi, ama zote nne, ama mbili huku mbili nyingine zikiendelea kubeba data. Kebo yako inayochaji tu ina uwezekano mkubwa wa kukosa kabisa jozi hizo, kwa hiyo hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoifanya ipeleke picha. Unene hausaidii sana kuzitambua, ijapokuwa kebo nyembamba na laini iliyokuja na chaja ya simu kwa kawaida ni ya aina ya kwanza.

Kabla ya kulaumu kebo, hata hivyo, hakikisha pia soketi. Si kila soketi ya USB-C ya kompyuta hutoa picha, na kwenye kompyuta moja inawezekana moja itoe na nyingine isitoe. Tafuta karibu na tundu alama ya DP au ya radi. Alama hizo zisipokuwepo, soma maelezo ya kiwanda ya modeli yako, kwa sababu watengenezaji wengine huweka uwezo huo bila kuchora chochote.

Umeme nao una ngazi zake. Kebo ya kawaida ya USB-C yenye plagi hiyo pande zote mbili hubeba ampea 3, na kwa volti 20 hiyo ni wati 60. Kupanda hadi ampea 5 kunahitaji chipu ndogo ndani ya plagi, inayoiambia chaja kwamba kebo hii inaweza kuhimili. Chaja isipopata jibu hilo hubaki chini, hata kama yenyewe ina uwezo wa wati 100 au zaidi. Toleo la mwaka 2021 la kanuni za kuchaji lilifikisha kikomo wati 240, kwa volti 48. Kwa hiyo kompyuta inayochaji polepole kupita kiasi inaweza kuwa na chaja nzuri na kebo dhaifu.

Kuhusu majina, msijisumbue kukariri. Kiwango cha gigabiti 5 kwa sekunde kilitoka mwaka 2008 kikiitwa USB 3.0, kisha kikaitwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, na muda wote huo ni kitu kile kile. Unaponunua, soma gigabiti na wati zilizoandikwa kwenye pakiti au kwenye plagi, na kama hazijaandikwa, iache.

Sauti Safi alijibu:

Wenzangu wamemaliza habari ya picha, nami nichangie kuhusu spika.

Matundu mekundu na meupe ya RCA hupokea sauti ya analogi, nyekundu kwa upande wa kulia na nyeupe kwa kushoto. Tundu la vipokea sauti la kompyuta hutoa analogi pia, kwa hiyo hapo kebo rahisi yenye plagi ya milimita 3.5 upande mmoja na RCA mbili upande wa pili inatosha kabisa. Jihadhari na jambo moja: umbo la RCA hutumika pia kwa video ya zamani, ambayo ni njano, na kwa sauti ya dijitali, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya machungwa. Plagi itaingia kote, lakini sauti ya dijitali ikiingizwa kwenye tundu la analogi hutoa kelele au ukimya.

Tundu lako lenye mwanga mwekundu ni la TOSLINK, iliyobuniwa na Toshiba mwaka 1983. Hupitisha sauti ya dijitali kwa mwanga ndani ya uzi mwembamba, hivyo unahitaji kigeuzi cha sauti kinachopokea mwanga na kutoa RCA. Faida yake, ambayo mimi huithamini sana, ni kwamba hakuna waya wa shaba unaounganisha runinga na spika. Ule mvumo mzito unaosikika vifaa viwili vinapopata umeme kutoka sehemu tofauti na kuunganishwa kwa ardhi zao hauna pa kupitia. Usiukunje uzi huo kwa pembe kali.

Mwanagenzi aliandika tena:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeangalia na soketi moja tu kati ya zile mbili ndiyo yenye alama ya DP, jambo ambalo sikuwa nimelitazama. Nina swali la nyongeza: runinga ina soketi ya HDMI iliyoandikwa ARC. Je, ni bora kuliko tundu la mwanga? Na nikitumia kigeuzi cha TOSLINK, kuna la kurekebisha kwenye runinga?

Sauti Safi alijibu:

ARC, iliyoanza na HDMI 1.4 mwaka 2009, huirudisha sauti kutoka kwenye runinga kupitia kebo ile ile ambayo kwa kawaida huleta picha. Inafaa sana ukiwa na kikuza sauti chenye HDMI, kwa sababu rimoti ya runinga huweza kuongeza na kupunguza sauti yake. Uwezo wake wa sauti ni karibu sawa na wa TOSLINK: stereo (njia mbili za sauti, kulia na kushoto) isiyobanwa, au njia sita zilizobanwa. Kilichovuka mpaka huo ni eARC ya HDMI 2.1, inayoweza kupitisha njia nane bila kubanwa. Kwa spika zako mbili za RCA, hutasikia tofauti yoyote, kwa hiyo tumia mwanga.

Ndiyo, liko la kurekebisha. Fungua mipangilio ya sauti ya runinga, tafuta sehemu ya sauti ya dijitali inayotoka, uiweke PCM, yaani sauti isiyobanwa. Ikiachwa kwenye Dolby, ambao ni mfumo wa kubana sauti, au kwenye kujichagulia, runinga inaweza kutuma sauti iliyobanwa ambayo vigeuzi vingi rahisi haviwezi kuifungua, nawe utapata ukimya ilhali mwanga unawaka. Fahamu pia kwamba runinga nyingi hazibadilishi ukubwa wa sauti inayotoka kwenye tundu hilo, kwa hiyo chagua kigeuzi chenye kitufe chake cha kuzungusha, au tumia kile kilicho kwenye spika.

Fundi Nyaya alijibu:

Niongeze moja kabla hujanunua. Ukishapata kigeuzi cha VGA, iambie kompyuta itoe picha ya pikseli 1024 kwa 768 kwanza, ndipo upande taratibu. Projekta nyingi za umri huo zina paneli ya ukubwa huo, na zikipewa picha kubwa mno huandika ujumbe ule ule wa kukosa ishara au kusema ishara haikubaliki, ukadhani kigeuzi kimekufa.