Mpira wa besiboli wenye saini ya Babe Ruth kwa dola 2,500: ninunue au napigwa?

Mpare wa Columbus: Wakuu, habari za jioni. Niko Ohio mwaka wa sita sasa, na besiboli imeniteka hadi nimeanza kukusanya mipira yenye saini. Ninayo mitano, yote ya wachezaji walio hai, nilisainiwa mwenyewe pale uzioni kabla ya mechi. Sasa jamaa mmoja wa kazini anauza mpira wa Babe Ruth, yule gwiji wa besiboli wa zamani. Anasema marehemu babu yake alikabidhiwa na Ruth mwenyewe, mkono kwa mkono. Anataka 2,500, na anataka jibu kabla ya Jumapili. Cheti hana. Saini ni ya bluu, imekaa safi pale mishono inapokaribiana. Mke wangu bado hajui. Nishaurini.

Kibarua Ughaibuni: Hapo kwenye "kabla ya Jumapili" tu mimi ningeshatoka mbio.

Mzee wa Saini: Mkuu, achana na saini kwanza. Geuza mpira usome maandishi ya chapa. Mipira rasmi ya ligi mbili kubwa za Marekani, hadi 1999, ilikuwa na jina la rais wa ligi, na marais hubadilika. Ruth alifariki Agosti 1948. Kwa American League, moja ya ligi hizo mbili, wakati huo rais ni William Harridge, 1931 hadi 1959. Kabla yake Barnard, na kabla ya Barnard ni Ban Johnson. Kisha tazama wino. Biki zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945, kwa hiyo Ruth wa biki ni wa miaka yake mitatu ya mwisho tu. Ukiletewa saini ya biki ya Lou Gehrig, mchezaji mwenzake Ruth, cheka uondoke: yeye alikufa 1941.

MamaNeema: Na hata chapa ikikubali, usishangilie. Matapeli husaka mipira mitupu ya zamani ndipo wasaini. FBI ilipolivamia genge moja California mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuta hadi mpira wenye saini ya Mama Teresa. Mama Teresa jamani, yule mtawa wa Kolkata! Mwambie jamaa mpira uende kwanza PSA au JSA, kampuni za kuhakiki saini, ukakaguliwe, gharama juu yako, hela yake baadaye. Na usiusugue kwa kitambaa wala kuuweka dirishani, jua linakula wino.

Mpare wa Columbus: Nimerudi kuuangalia leo mchana, safari hii na miwani. Umeandikwa Joseph E. Cronin.

Mzee wa Saini: Cronin alikuwa rais 1959 hadi 1973. Yaani Ruth kasaini akiwa na miaka kumi na kitu kaburini.

Kibarua Ughaibuni: Na biki alizikwa nayo 😂

Mpare wa Columbus: Nimempa jamaa habari za Cronin. Kasema nisubiri kidogo, anakwenda kumuuliza babu yake.