Kuishi kwa kazi ya makala za televisheni hapa visiwani, inawezekana?

KijanaWaWete
Assalaam alaikum wakubwa. Niko Wete, Pemba, nina miaka 24, diploma ya habari ninayo, lakini kazi ninayoipata ni kupiga video za harusi. Nnachotaka hasa ni kuongoza makala, zile ndefu za maisha ya watu, si habari za dakika mbili. Nyumbani wananambia hiyo si kazi. Kuna aliyeifanya hapa kwetu mpaka akazeeka nayo? Mlianzaje, na mlikula nini?

MzeeWaMikanda
Waalaikum salaam mwanangu. Mimi nimezeeka nayo, goti la kulia shahidi. Niliingia 1986 nikiwa mbeba stendi ya kamera. Tukijiona wakubwa wakati huo: televisheni ya rangi imeanza Unguja 1973, wenzetu Bara wamekaa mpaka 1994 ndipo wakapata ya kwao. Lakini ukubwa uliishia kwenye mlingoti wa kurushia matangazo. Gari la kwendea shamba lilikuwa moja, na mafuta ya kuomba.

Kamera ya U-matic, ile ya mikanda mikubwa ya video ya zamani, ilikuwa mzigo wa watu wawili. Mmoja ana kamera begani, wa pili ana rikoda ubavuni, mmeungwa kwa waya kama punda na gari lake. Akijikwaa yeye, umeanguka wewe. Na mkanda wa kwendea nao nje ulichukua dakika 20, basi. Kwa hiyo nilijifunza kuongoza kabla sijaitwa muongozaji: unakaa na mtu, unakunywa chai yake, unamsikiliza yote, halafu ndio unasema washa. Nyinyi mnarikodi saa tatu kisha mnaitafuta hadithi kwenye kompyuta. Wallahi sijui nani anayatazama yote yale.

Kuhusu kula, sikufichi. Mshahara ulikuwa haufiki tarehe kumi. Kilichotuweka ni posho za safari na maandazi ya mke wangu. Baadae nikapata kazi za mashirika: malaria, mwani, visima. Hizo zinalipa, ila mwenye pesa anataka lazima mtu acheke mwishoni.

Sasa ninalolijutia. Mwanzoni mwa miaka ya 90 tulipanda meli Malindi, hapa Unguja, tukashuka Mkoani, msimu wa karafuu. Kijiji kimoja huko kwenu nilimkuta bibi anachambua usiku kwa karabai, wajukuu wameuzunguka mkeka. Dole gumba lake limekuwa jeusi. Anakonyoa, karafuu kulia, makonyo kushoto, wala hatazami, na huku anaimba taratibu majina ya watu wote waliowahi kuchuma shamba lile. Mkanda mzima nilimpa yeye. Kwenye makala zikaenda dakika nne.

Mwaka haukupita, mikanda mipya ikawa haipatikani, tukaambiwa tutumie ya zamani. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliutoa ule wa bibi nikarikodia ufunguzi wa bomba la maji. Mwaka 2011 mjukuu wake akanifuata mjini kuomba sauti ya bibi yake. Nilimpa soda.

BintiNgambo
Shikamoo ami. Hiyo soda imenichoma.

Mimi mhariri wa picha, naongeza machache. KijanaWaWete, kabla hujatoa kamera kwenye begi nenda kwa sheha, mkuu wa serikali wa mtaa ule, na kibali ukitafute Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Ukimruka sheha, kijiji kizima kitakwambia "hatujui". Tamasha la filamu la Ngome Kongwe lipo tangu 1998, ukipata nauli njoo. Kaa pembeni, skrini iache, tazama watu wanaanza kutoa simu wapi.

Na sauti. Ule umeme ulipotupotea Unguja nzima, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kila mahojiano yaliyofika mezani kwangu nyuma yake jenereta. Tukawapeleka watu pwani, tukapata upepo. Mwisho mama mmoja tulimhoji ndani ya gari, vioo juu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu. Ndiyo sauti safi pekee ya makala nzima.

MtuWaDarajani
Mnamjaza kijana bure. Nani siku hizi anakaa saa nzima na makala? Piga vichekesho, tia mtandaoni, ule.

MzeeWaMikanda
Ale, sikatai. Na harusi asiziache, ndizo zitakazomnunulia kamera. Lakini picha za Mapinduzi ya Januari 1964 zilizozunguka dunia kuhusu nchi hii zilipigwa na Waitaliano, wao wako juu angani. Watu chini wanaonekana kama siafu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa neno. Mimi nilioneshwa picha zile nikiwa bado mbeba stendi, sikulala. Ningekuwa nafuata mshahara ningehamia bandarini.

KijanaWaWete
Shukran sana, ami na dada. Bibi yangu mzaa mama yuko Konde, kachuma karafuu maisha yake yote na nyimbo anazo. Ila kamera ninayotumia ni ya kukodi, nilikuwa nangoja nipate yangu kwanza.

MzeeWaMikanda
Usingoje. Simu yako inatosha, iweke juu ya mto, karibu na mdomo wake. Toa nakala tatu, moja ikalale nyumba nyengine. Na zima feni. Ukiwa chumbani huisikii, ukikaa kuhariri ndio utaijua.