Nimepandishwa cheo, ila vikundi vya akina mama havitaki niondoke. Nifanyeje?

Jembe_Halimtupi: Wakuu, habari za leo. Mimi ni afisa wa shirika moja, nahudumia vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vijijini. Sasa natakiwa makao makuu, niwe mratibu wa mafunzo. Mshahara unapanda, ila nitakuwa mtu wa ripoti na semina. Akina mama wanalia, mimi silali. Niende au nibaki? Matusi sitaki.

Mkufunzi Mstaafu: Hongera binti. Enzi zangu nilizunguka kwa pikipiki isiyo na breki. Mama mmoja alikopa, mumewe akanunua redio, marejesho akayalipa mama kwa vibarua. Mkopo jina la mke, hela mfukoni kwa mume. Na redio yenyewe mbovu!

Kipanga: Mzee, ndio ushauri huo?

Binti Hisa: Dada, kilio tu hakimzuii mtu. Kuna nini hapo?

Jembe_Halimtupi: Haya. Kikundi kimoja sanduku la hela lina kufuli tatu, ufunguo mmoja ninao mimi.

Binti Hisa: Heee! Wewe si mwanachama! Funguo hushikwa na wanachama watatu, sanduku linakaa kwa mwingine kabisa. Ukiugua hawakopeshani?

Jembe_Halimtupi: Nawalinda. Wengi hawajui kusoma, na mwenyekiti alishataka kujikopesha kabla ya siku ya mkutano. Halafu bosi nimeshamdokeza kuwa cheo sikitaki, imebaki barua tu.

Binti Hisa: Kumbe umeshaamua, unatafuta wa kukupigia makofi. Shirika la CARE walipoanzisha vikundi hivi Niger mwaka 1991, wanawake wengi hawakujua kusoma. Hesabu waliweka kichwani. Mpaka leo kwenye vikundi vingi salio linatajwa kwa sauti mkutano ukifungwa, na mkutano ujao wanaulizwa kabla hela hazijahesabiwa. Mwenyekiti ataiba saa ngapi?

Mama Chachu: Baki tu dada. Makao makuu kuna majungu.

Kipanga: Chai hii. Mzunguko wa kuweka na kukopa hauzidi mwaka, wanagawana hela zao, kisha afisa anawaachia. Wewe bado una ufunguo na bosi haulizi? Na juzi si ulikuwa unatafuta soko la sungura?

Jembe_Halimtupi: Sungura ni wa mdogo wangu, akaunti tunatumia wote. Bosi anajua. Kwenye ripoti tunaandika "usaidizi wa ziada".

Mkufunzi Mstaafu: Hapo namwamini. "Usaidizi wa ziada" hautungiki, nimeuandika sana mimi.

Kipanga: Sawa. Funguo nyingine wanazo nani?

Jembe_Halimtupi: Mmoja katibu.

Kipanga: Na wa tatu?

Jembe_Halimtupi: Dada yake katibu. Ila wamegombana, hawasemeshani.

Binti Hisa: 😂😂 Ndiyo maana mwenyekiti hajaiba.