Ati "kwani wewe DAWASA?" Huyu muuza samaki wa mapambo atatumalizia samaki mji mzima

Wakuu, nina hasira hadi vidole vinagongana. Mnamjua. Yule mwenye matangi yaliyopangwa hadi barabarani, taa za bluu, mziki juu. Simtaji na hakuna haja, nusu ya humu mmeshazika samaki wake.

Leo anamuuzia mtu tangi la lita 100, filta na samaki kumi na wawili kwa mkupuo mmoja. Nikamuuliza kistaarabu kabisa: huyu mteja atapimaje amonia? Akacheka duka zima lisikie: "Kupima maji? Kwani wewe DAWASA?" Watu wakaangua kicheko. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar!

Halafu akamgeukia mteja: maji yakianza kuwa meupe kama tui, mwaga yote, toa sponji ya filta, isugue kwa sabuni chini ya bomba, anza upya. Huo si ushauri, ni hukumu ya kifo yenye risiti.

Samaki anatoa amonia, ambayo ni sumu, kwenye matamvua usiku na mchana, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza. Tangi jipya halina bakteria wa kuila. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia hadi utakapoipunguza kwa kubadili maji. Bakteria hao wameng'ang'ania sponji na changarawe, hawaelei kwenye maji, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Sasa unawasugua kwa sabuni! Ule weupe ni bakteria wa aina nyingine wanaokula mabaki, na huisha wenyewe baada ya siku chache. Ukimwaga maji yote, weupe unarudi tena.

Alichotakiwa kusema: jaza maji, ondoa klorini, washa filta, tangi likae bila samaki. Tia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda, kisha nitriti nayo itashuka. Ukitia tena miligramu 2 na baada ya saa 24 zote mbili zikasoma sifuri, badili maji mengi kushusha nitrati, kisha leta samaki wachache wachache. Dakika tatu za maelezo! Yeye kachagua DAWASA.

Perege Mjanja: Mkuu, aya zote hizi kwa sababu ya neno moja? Na kuingia duka la watu na swali la amonia, mimi mwenyewe ningekuomba kitambulisho.

mama_gapi: Mcheni Mungu, hoja anayo. Kwa ambao tayari mmeshauziwa samaki: pimeni kila siku. Amonia au nitriti ikigusa miligramu 0.5 kwa lita, badili robo hadi nusu ya maji, yasiyo na klorini na yenye joto linalolingana na la tangini. Chakula kidogo, tena siku moja ndiyo siku moja hapana. Ombeni sponji iliyotumika kwa mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, muibebe imelowa, muiweke ndani ya filta yenu. Hiyo inapunguza wiki nyingi za kusubiri. Na sponji huminywa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi.

Mtu wa Nyasa: Hamjataja mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa! Anawauza na kuwapangia makombe na matumbawe, pH (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ndiyo katikati) inapanda, halafu hasemi kitu kuhusu amonia. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. pH 8 ni karibu asilimia 5. pH 9, kama maji ya Ziwa Tanganyika, inapita theluthi. Kipimo kinasoma namba ile ile, lakini huku samaki anahema, kule ameshageuka tumbo juu. Mbuna wanataka pH ya juu, sawa, ndiyo maana tangi lao halisamehe haraka.

Mleta uzi: Umeona! Na mtu wa hivyo ndiye anauliza kama mimi ni DAWASA!

Kisima Kirefu: Na klorini? Anasema "acha ndoo wazi usiku mmoja" kama sala. Klorini ya kawaida hutoka kwa saa 24, haraka zaidi ukipiga hewa. Ikiwa ni kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki, lazima dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima hayana klorini, lakini ya pwani mengi yana chumvi, na yakitoka chini yanaweza kukosa oksijeni. Yapige hewa kwanza, pima pH, ndipo utie.

Umeme Umerudi: Amonia, amonia! Tatizo la mji huu ni umeme. Filta ya mkebe uliofungwa kabisa ikizimika kwa saa kadhaa, bakteria wa ndani wanakosa oksijeni na kufa, umeme ukirudi uozo wote unatapikwa tangini. Toa sponji uitumbukize tangini, weka pampu ya hewa ya betri. Kabla ya kuwasha tena, mwaga maji yaliyolala ndani ya filta. Fungueni uzi wa umeme, huu funga.

Mleta uzi: Jamani tusitoke kwenye mada. Alinicheka mbele ya watu ishirini!

Perege Mjanja: Mwanzo walikuwa "watu", sasa ishirini. Kesho itakuwa uwanja wa Taifa.

Milimita Sita: Wote hao afadhali. Fundi wa vioo anaunganisha matangi kwa silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo inaua samaki hata maji yakiwa safi kiasi gani. Dai silikoni tupu isiyo na dawa hiyo, acha ikauke hadi harufu ya siki iishe kabisa, wiki nzima kama unaweza. Na tangi la kimo cha sentimita 40 analikata kwa kioo cha dirisha cha milimita 4!

mama_gapi: Huyo fundi si yule wa njia panda, mwenye ngazi ya njano?

Milimita Sita: Ndiye!

Umeme Umerudi: Kumbe! Dirisha la jirani yangu limekaa kwake tangu kabla ya mvua, kila wiki anasema anasubiri mpira wa fremu.

Kisima Kirefu: Advansi ameshachukua?

Umeme Umerudi: Yote.