Riwaya nne ndefu kwa mpigo: uongozi wa kikundi chetu cha usomaji, hapa mmetukosea

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Niko kwenye kikundi cha usomaji chenye wanachama wa Arusha na Moshi, vikao tunapokezana, mara huku mara kule. Jina silitaji, waliomo watajijua. Kikundi hiki kimenipa raha kwa muda mrefu. Tulikuwa tunachukua kitabu kimoja, tunakisoma mpaka kinaisha, tunakutana, tunabishana mpaka mwenye ukumbi anakuja kuzima taa. Kezilahabi tulimsoma hivyo, Gurnah tulimsoma hivyo, na kuna watu walitoka kikaoni wamenuniana kwa sababu ya mhusika mmoja tu. Huo ndio usomaji ulionifanya niwe natoka Moshi alfajiri kuwahi kikao cha Arusha.

Mwaka huu uongozi umeleta ratiba mpya. Riwaya nne ndefu, zote zinaanza wiki moja na zote zinatakiwa ziishe ndani ya miezi mitatu: Vita na Amani ya Tolstoy, Les Misérables ya Victor Hugo, The Count of Monte Cristo ya Alexandre Dumas, na Wizard of the Crow ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Jumatatu na Jumanne ni Tolstoy, Jumatano na Alhamisi Hugo, Ijumaa na Jumamosi Dumas. Ngũgĩ akawekwa Jumapili, "kwa watakaopata nafasi". Kila usiku unatuma kwenye grupu la WhatsApp namba ya ukurasa uliofika. Usipoufikia uliopangwa, faini elfu mbili kwa kila kitabu.

Hivi aliyepanga alikaa akapiga hesabu kweli? Vita na Amani ina sura 361. Les Misérables ina sura 365. Monte Cristo 117. Jumla ni sura 843, Ngũgĩ hujamgusa, naye ana kurasa zaidi ya 700. Gawanya hizo sura kwa miezi mitatu, ni zaidi ya tisa kila siku ya Mungu, mtu ana kazi, ana watoto, ana wazazi wa kwenda kuwaona Kibosho mwisho wa wiki, na umeme wenyewe unajifikiria kama uje au usije. Mzee mmoja wa kikundi alinyanyuka siku ratiba inasomwa akasema mshika mbili moja humponyoka, na hapa mnatushikisha nne. Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kizamani, kwamba wasomaji wakubwa duniani wanasoma vitabu vingi kwa wakati mmoja. Mzee wa watu akakaa. Mimi nilitarajia mtu amtetee, na hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa tazameni matokeo. Katika riwaya hizo nne, tatu zimejaa kivuli cha Napoleon. Ya Tolstoy inaanza mwaka 1805, inapitia vita vya Austerlitz, inafika Borodino mwaka 1812. Ya Dumas inaanza Februari 1815, Napoleon akiwa bado kisiwani Elba, na barua iliyotoka huko ndiyo inayomfunga Dantès, mhusika wake mkuu. Ya Hugo ina sehemu nzima juu ya Waterloo, vita ambavyo Napoleon alishindwa Juni 1815. Mtu yeyote anayezijua hizi riwaya angekwambia usizisome sambamba, maana majeshi ni yale yale, majina ya majenerali ni yale yale. Kikao kilichopita mwenzetu mmoja, msomaji mzuri kabisa ninayemheshimu, alisimulia kwa hisia jinsi Prince Andrei wa Tolstoy alivyolala chini akitazama anga, amejeruhiwa, pale Waterloo. Ni Austerlitz! Andrei anakufa mwaka ule ule wa Borodino, miaka mitatu kabla ya Waterloo. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nusu ya chumba walitikisa kichwa kukubali.

Tukahamia kwa Hugo na Dumas, hapo ndipo palipoharibika kabisa. Jean Valjean wa Hugo kakaa kifungoni miaka 19, Dantès miaka 14. Wote wawili wanaingia baharini na watu wanawahesabu wamekufa. Dantès anajishonea ndani ya gunia la maiti ya mfungwa mwenzake, Abbé Faria, na kutupwa kutoka gereza la Château d'If akiwa kafungwa tufe la chuma miguuni. Valjean anatoka kwenye nyumba ya watawa akiwa ndani ya jeneza lililoandaliwa kwa ajili ya mtawa aliyefariki. Wote wanarudi na majina mapya na fedha nyingi. Ukisoma kimoja kwa utulivu, halafu baada ya miezi ukasoma kingine, utafurahi kuona waandishi wawili wa Ufaransa wa zama moja wamechukua kitu kinachofanana wakakipeleka njia tofauti kabisa, mmoja kwenye kisasi na mwingine kwenye kusamehe. Hayo ndiyo mazungumzo tuliyopaswa kuwa nayo. Sisi tulitumia karibu saa nzima kubishana nani alikuwa kwenye gunia na nani kwenye jeneza. Nauli ya kosta kwenda na kurudi, kwa ajili ya hilo!

Halafu kuna hili la kuruka. Mratibu alipoona watu wanachelewa, aliandika kwenye grupu kwamba sehemu ya Waterloo kwenye Les Misérables "si muhimu kwa hadithi", tuiruke tufidie muda. Mheshimiwa, uliisoma? Ni sura 19, na kweli nyingi ni maelezo ya vita, ardhi, mvua ya usiku, farasi kutumbukia kwenye njia iliyozama. Lakini sura ya mwisho ya sehemu hiyo ndiyo inayomwonyesha Thénardier, mwovu mmoja wa riwaya hiyo, usiku akipora maiti, anamvuta ofisa mmoja kutoka kwenye lundo la wafu ili amwibie, na ofisa anapozinduka anadhani kaokolewa. Ofisa huyo ni Pontmercy, baba yake Marius, kijana tunayekutana naye baadaye. Kuanzia hapo Marius anabeba deni la baba yake kwa mtu ambaye ni jambazi. Uliyeruka, ukifika Paris mbele huko, Marius anashindwa kutoa ishara ya kumkamata Thénardier, utamwona kijana mpumbavu tu. Na ndivyo alivyoitwa kikaoni: mpumbavu. Nilinyoosha mkono kueleza, nikaambiwa muda wa Hugo umeisha, tunaingia kwa Dumas.

Naomba niseme jingine ambalo linanikera mpaka usingizi unakata. Kitabu changu cha Vita na Amani nilikiazima kikundi kwa roho safi, kwa sababu nakala zilikuwa chache. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza chini, jalada gumu, kimeshonwa kwa uzi, kitu ambacho siku hizi hukipati ovyo. Kwa kuwa ratiba inataka watu watatu wakisome siku zile zile, mtu wa uongozi alikikata. Ndiyo, kwa kisu cha kukatia karatasi, mgongoni, vipande vitatu, kila kipande akakibana kwa klipu nyeusi za ofisini. Aliyekata hakutazama hata sura inaishia wapi. Kipande cha kati kinaanza katikati ya sentensi. Orodha ya wahusika, ile ya mwanzoni ambayo bila yake huwezi kujua kwamba Natasha na Natalya Ilyinichna ni mtu mmoja, imebaki kwenye kipande cha kwanza, kwa hiyo waliopewa cha pili na cha tatu walikuwa wanapapasa gizani. Kimerudi kipande kimoja, kona za kurasa zimekunjwa, uzi umening'inia. Cha kati sijui kiko kwa nani Arusha, cha mwisho naambiwa "kinakuja". Sikuombwa ruhusa, na mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi. Nilipouliza nikajibiwa kwamba kitabu ni kusomwa, si pambo.

Kimesomwa? Na nani? Tuseme ukweli wetu hapa. Watu wameanza kutuma namba za kurasa ambazo hawajafika, wengine wanasoma muhtasari mtandaoni, wengine wanatazama filamu. Siwalaumu sana, faini elfu mbili mara tatu kwa wiki ni hela ya mboga. Lakini kikundi kilichoundwa ili watu wapende vitabu kimeshafika mahali pa kufundisha watu kudanganya kuhusu vitabu. Kuna dada mmoja alikuwa kati ya wasomaji makini kuliko sisi wote, anasoma na penseli, anaandika pembeni mwa ukurasa. Ameacha kuja. Aliniambia akifungua kitabu sasa anaona namba tu.

Najua kuna utetezi unaozunguka grupuni, kwamba hata zamani riwaya hizi zilisomwa kwa vipande, gazetini, sambamba na nyingine. Ni kweli, na ukweli huo unawahukumu nyie. Monte Cristo ilitoka kwenye gazeti la Paris kuanzia Agosti 1844 mpaka Januari 1846. Msomaji alipewa karibu mwaka mmoja na nusu kwa kitabu kimoja. Vita na Amani ilianza kutoka kwenye jarida mwaka 1865 na ikakamilika mwaka 1869. Wale watu walikuwa na muda wa kumkumbuka mhusika, kumsubiri, kumsema barazani kama jirani. Nyie mmechukua vipande mkaacha muda.

Wala sisemi mtu asiwe na vitabu viwili mkononi. Kitabu cha mashairi kitandani, hadithi fupi za kusoma kwenye kosta kutoka Bomang'ombe hadi Usa River, kuna shida gani? Riwaya ndefu ni jambo jingine. Inakudai kumbukumbu yako yote, majina, ukoo, nani anamdai nani, nani alisema nini kurasa mia nne zilizopita. Ukiwa nazo nne, kila ukirudi kwenye moja unatumia nusu ya muda kutafuta ulikoachia. Ndiyo maana watu wanachoka na kuamini kwamba vitabu vyenyewe ni vigumu. Siyo vigumu! Dumas aliandika kwa ajili ya wasomaji wa gazeti!

Na Ngũgĩ jamani. Hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Tulikubaliana kumsoma kwa heshima yake baada ya kufariki Mei 2025. Mtu ameandika riwaya nzima kwa Kigĩkũyũ, Mũrogi wa Kagogo, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza ikatoka 2006. Nchi yake ya kubuni ya Aburĩria tunaijua: Mtawala ambaye wapambe wake wanataka kumjengea mnara wa kufika mbinguni kwa mkopo wa benki ya nje, foleni ya watafuta kazi inayorefuka mpaka serikali yenyewe inaingiwa na hofu, Kamĩtĩ anayejifanya mganga ili awakwepe polisi na watu wanaanza kumiminika kwake. Hapo tungebishana mpaka usiku, kila mtu ana cha kusema, hata asiyependa riwaya za Ulaya. Na huyo ndiye aliyepewa Jumapili, siku ya ibada na misiba na harusi, kwa watakaopata nafasi. Kikao kilichopita alipewa dakika za mwisho, watu wameshashika mikoba wanawahi kosta. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika katikati. Nilitoka pale machozi yananilenga.

Ninachodai kiko wazi. Ratiba ifutwe. Faini ziondolewe na zilizolipwa zirudishwe, au zinunue nakala za Ngũgĩ. Tuanze naye peke yake, tupewe miezi mitatu hiyo hiyo, kisha Hugo mwaka ujao na Waterloo yake yote. Vipande viwili vya Tolstoy vilivyobaki vifikishwe kikao kijacho Moshi, nitavipeleka mwenyewe kwa fundi wa kujalidi, gharama ilipe kamati.

Kama uongozi hautaki, basi walio tayari kusoma riwaya moja ndefu kwa wakati mmoja, Moshi au Arusha, bila faini, waandike hapa chini. Jumamosi ya pili ya mwezi inanifaa, na sebule yangu hapa Rau inatosha watu kumi.