Viwanda vya korosho Kusini vimegeuzwa maghala, nani atawajibika?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Msimu ukifunguliwa huku Mtwara na Lindi, malori yanapishana kwenda bandarini yamejaa korosho ghafi. Zinaenda kubanguliwa India na Vietnam. Mkulima aliyepalilia, akapulizia salfa na kuokota kwa mkono, anabaki kusubiri malipo ya mnada.

Na mtu asiniambie hatujawahi kuwa na viwanda! Kati ya miaka ya 1970 na 1980 vilijengwa viwanda zaidi ya 10 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mitambo ikatoka Italia na Japani. Masasi, Newala, Nachingwea, Mtama, kote vilisimama. Baadaye vikabinafsishwa kwa ahadi kwamba vitafufuliwa. Matokeo yake? Waliouziwa wengi waligundua kwamba kuhifadhi mzigo wa wengine kuna faida isiyo na jasho. Kiwanda kizima kikawa ghala! Korosho zilizopaswa kubanguliwa ndani ya yale majengo zinalala humo humo, kwenye magunia, zikisubiri meli. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana ajira za vijana wetu zimepandishwa melini pamoja na hayo magunia.

Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi uliwekwa ili ibanguliwe hapa hapa, na asilimia 65 ya fedha hizo ilitakiwa irudi kuendeleza zao. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikapelekwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipiga kelele, haikusaidia.

Wengi wa waliobaki kubangua ni vikundi vya kina mama. Mafuta ya ganda yanawababua vidole, halafu kwa muda mrefu wameambiwa waende mnadani wakashindane na wanunuzi wa nje wenye mitaji ya mabenki. Mbanguaji lazima anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi michache ya msimu. Atoe wapi hizo fedha? Benki inamdai dhamana ya nyumba, na nyumba yenyewe ni ya udongo! (Mabibo, yaani matunda yanayobeba korosho, nayo yanaozea chini ya mikorosho, sijui kama kuna kiongozi anayeyaona.)

Ninachotaka ni mikataba ya ubinafsishaji iwekwe hadharani: nani alinunua kiwanda kipi, kwa sharti gani, na kwa nini asinyang'anywe kama habangui. Mwenye nakala hata ya mkataba mmoja aiweke hapa.