Projekti ya kwaya imegoma kufunguka baada ya umeme kukatika

Mleta mada (Pasua, Moshi): Wakuu, nimekwama. Jumamosi nilikuwa narekodi kwaya kwenye REAPER, programu ya kurekodi sauti. Saa kumi hivi, dada wa solo anaimba, nikabonyeza Ctrl+S huku rekodi inaendelea. Pap, umeme ukakatika. UPS yangu (kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) betri imechoka, haikushika hata sekunde mbili. Sasa faili la projekti linaonyesha KB 412 ila halifunguki. Nimelitazama kwa Notepad, tupu mwanzo mwisho, herufi hakuna. Wanakwaya 22, wengine wametoka Kibosho, nauli nimelipa mimi. Kuwaita tena siwezi.

Mchangiaji wa Sakina, Arusha: Pole mkuu. Usisevu chochote juu yake! Nakili folda nzima kwenye flashi kwanza. REAPER ukisevu huwa inabakiza faili la awali lenye mkia .rpp-bak, labda uwe umezima mwenyewe. Windows huficha mikia, washa ionekane. Tengeneza kopi ya hilo, mkia uwe .rpp. Projekti haina sauti ndani, ni maandishi tu ya kusema WAV (faili la sauti) ipi ikae wapi.

Mleta mada: Limefunguka! Ila ni la saa saba na nusu, kabla hatujaenda kula. Rekodi za mchana nimeziburuta moja moja, majina yana namba ya traki na saa, zimepangika. Imegoma moja, ya solo. MB 38, urefu sekunde 0. Na ndiyo aliyoimba vizuri kuliko zote, si unajua tena.

Fundi mstaafu: Sauti ipo, kijana. Urefu wa WAV huandikwa kwenye kichwa cha faili, na umeme ulikatika kabla haujaandikwa. MB 38 ni kama dakika nne na nusu za mono, biti 24, sampuli 48000 kwa sekunde. Fungua programu ya Audacity: File, Import, Raw Data. Chagua Signed 24-bit PCM, little-endian. Ukisikia kelele kama mvua inapiga bati, jaribu start offset (baiti za kuruka mwanzoni) 0, 1, 2. Sampuli moja ni baiti tatu, lazima mojawapo ikubali. Dada akiimba mzito na kujivuta, umeweka 44100 badala ya 48000.

Mleta mada: Offset 2! Mwanzoni kuna "tk", halafu huyooo anaingia. Mwishoni imebaki "Halelu...". Hiyo "ya" nitaikopa ubeti wa pili. Shikamoo mzee. Kesho natafuta betri ya UPS.